Kupiga kambi Ziwa Nakuru: Mbuga iliyopungua, ziwa lililopanuka

ANAYEPANGA kupiga kambi katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru anafaa kuanza kwa kuiweka kando ramani ya zamani. Barabara iliyokuwa ikipita karibu na maji, lango kuu lililotumiwa na watalii kwa miaka mingi na baadhi ya sehemu za kupigia kambi zilizoonyeshwa kwenye ramani hizo zilimezwa na ziwa lilipoanza kufura mwaka wa 2010. Mgeni anayefuata maelezo ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka huo huenda akajikuta mbele ya maji mahali alipotarajia njia.

Picha ya ziwa lenye ukingo wa waridi kutokana na wingi wa ndege aina ya flamingo, ambao Kiswahili huwaita heroe, nayo inafaa kutazamwa kwa tahadhari. Ndege hao wangali huonekana, lakini si kwa idadi iliyoipa Nakuru sifa duniani. Badala yake mgeni hukutana na mandhari ambayo kizazi kilichotangulia hakikuyaona: misitu ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, matawi yake meupe kama mifupa, na ndege aina ya mnandi wakipumzika juu yake. Ni mandhari ya kupendeza na ya kusikitisha kwa wakati mmoja, na hakuna mahali pengine nchini ambapo mtu anaweza kulala ndani ya hema katikati ya mabadiliko kama hayo kisha akanywa chai mjini kabla ya saa nne asubuhi.

Mbuga hii iko katika sakafu ya Bonde la Ufa, mwinuko wa takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, umbali wa kilomita 160 hivi kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Ukubwa wake ni kilomita mraba 188. Upande wa kaskazini imepakana na Nakuru, mji uliotangazwa rasmi kuwa jiji Desemba 1, 2021, kiasi kwamba kutoka katikati ya jiji hadi langoni ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Ua wa nyaya za umeme umeizunguka mbuga yote. Ua huo huwazuia wanyama kuingia mitaani na mashambani na huwazuia majangili kuingia mbugani, lakini pia humaanisha kwamba maji yanapopanda, wanyama hawana pengine pa kukimbilia.

Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Ili kuelewa anachokiona, mgeni anahitaji kujua kwamba Ziwa Nakuru hupokea maji bila kuyatoa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit humwaga maji ndani yake, na chemchemi zilizo kando huongeza mengine, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu. Chumvi na magadi yanayoletwa na mito hubaki, na hiyo ndiyo sababu maji yake ni ya magadi, hayanyweki wala hayafai kumwagilia shamba. Ziwa lenyewe ni kama sinia: pana, lakini la kina kifupi. Kwa hivyo mvua ikizidi kidogo, maji husambaa mbali, na kiangazi kikiendelea, hunywea upesi. Jina Nakuru linasemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na si ajabu, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka na upepo ukawa ukipeperusha vumbi la magadi kutoka sakafu yake.

Magadi hayo ndiyo yaliyowaleta heroe. Heroe wadogo hula viumbe visivyoonekana kwa macho, vya rangi ya kijani na buluu, aina ya spirulina, ambavyo hustawi katika maji makali ya magadi. Ndege huinamisha kichwa hadi mdomo ukawa juu chini, akavuta maji na kuyachuja. Rangi ya waridi ya manyoya yake hutokana na chakula hicho hicho. Miaka ambayo ziwa lilikuwa na kiwango kilichofaa cha magadi, zaidi ya heroe milioni moja waliweza kukusanyika hapa kwa wakati mmoja. Hawazaliani Nakuru hata hivyo. Kituo chao kikuu cha kutagia mayai Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania, na hivyo hatima yao imo mikononi mwa nchi mbili.

Ni kwa ajili ya ndege hao ambapo sehemu ya kusini ya ziwa ilitengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1961, na mwaka wa 1968 ikapandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa. Katika miaka ya 1970 ardhi zaidi iliongezwa upande wa kusini. Mwaka wa 1977 twiga aina ya Rothschild waliletwa kutoka magharibi mwa nchi, ambako mashamba yalikuwa yakiwanyima makao. Mwaka wa 1987 mbuga ikafanywa kituo cha kuwahifadhi vifaru, wakati ambapo ujangili ulikuwa umewapunguza vifaru weusi wa Kenya kutoka maelfu hadi mamia machache. Wengi wa wale wa kwanza walitoka shamba la Solio. Mwaka wa 1990 Ziwa Nakuru lilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhi oevu, na mwaka wa 2011 shirika la UNESCO lilitangaza maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria kuwa sehemu ya urithi wa dunia.

Kinaya ni kwamba heshima hiyo ya mwaka wa 2011 ilifika wakati maji yalikwisha kuanza kupanda.

Kutoka kilomita 40 hadi 68

Kwa mujibu wa ripoti ya wataalamu wa serikali iliyotolewa mwaka wa 2021 kuhusu kufura kwa maziwa ya Bonde la Ufa, Ziwa Nakuru lilipanuka kutoka takriban kilomita mraba 40 mwaka wa 2010 hadi zaidi ya 68 mwaka wa 2020. Kwa maneno mengine, ziwa ambalo lilikuwa sawa na zaidi kidogo ya robo ya nchi kavu iliyolizunguka ndani ya mbuga liliongezeka kwa takriban asilimia 70, na sehemu ya ardhi iliyofunikwa ilikuwa malisho. Nyasi laini za kando ya ziwa, zilizokuwa meza ya nyati, kuro, swala na vifaru weupe, zilikwenda na maji. Wanyama walisukumwa juu, kwenye vichaka na miinuko, na baadhi ya wageni wa siku hizi hushangaa kuona nyati wengi hivyo katika eneo dogo. Hawajaongezeka kwa ghafla, wamebanwa.

Suala la nafasi ni zito zaidi kwa vifaru. Kifaru mweusi dume hulinda eneo lake kwa ukali, na kituo kikijaa, madume hupigana na majike huchelewa kuzaa. Ndiyo maana vifaru huhamishwa mara kwa mara kutoka mbuga zilizojaa. Kazi hiyo si rahisi. Julai 2018, vifaru weusi 11 waliohamishwa kutoka Nakuru na Nairobi hadi Tsavo Mashariki walikufa wote, wengi wao baada ya kunywa maji yenye chumvi nyingi katika makao yao mapya, tukio lililolishtua taifa. Yeyote anayemwona kifaru Nakuru akila kwa utulivu umbali wa mita 50 kutoka barabarani anamtazama mnyama ambaye mahali pa kumweka ni swali lisilo na jibu jepesi.

Maji hayakuheshimu ua. Katika mitaa ya Mwariki na eneo la Barut, upande wa magharibi na kaskazini-magharibi wa ziwa, familia zilihama nyumba walizojenga kwa akiba ya miaka mingi, na mashamba yakageuka kuwa sehemu ya ziwa. Baadhi ya vijana walianza kuvua samaki ndani ya maji hayo bila idhini, na maafisa wa afya wakatoa onyo zaidi ya mara moja kwamba samaki wa Ziwa Nakuru si salama kwa kuwa maji hupokea uchafu wa viwanda na mitaro ya jiji. Samaki wenyewe wana historia yao: aina ndogo ya perege kutoka Ziwa Magadi iliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ili kula viluwiluwi vya mbu. Perege hao ndio waliowavutia mwari, ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, ambao leo ni miongoni mwa vivutio vikubwa vya ziwa.

Kuhusu kiini cha kufura huko, wataalamu walitaja kwanza mvua iliyozidi kwa miaka kadhaa mfululizo, jambo walilolihusisha na mabadiliko ya tabianchi. Waliongeza pia hali ya ardhi. Vyanzo vya mito inayolisha ziwa viko katika msitu wa Mau Mashariki, ambao maelfu ya hekta zake ziliondolewa kwenye hifadhi mwaka wa 2001 na kugawanywa. Mahali miti ilipokatwa, mvua haizami tena ardhini kwa utaratibu. Huteremka kwa kasi ikiwa imebeba udongo, na udongo huo hujaza sakafu ya ziwa ambalo tangu zamani lilikuwa la kina kifupi. Wapo pia waliotaja misukosuko ya miamba chini ya Bonde la Ufa. Wageni hupenda kuuliza ni lini maji yatarudi yalipokuwa. Historia ya ziwa hili inaonyesha kwamba limewahi kupanda na kushuka mara nyingi, lakini malango, barabara na nyumba vilijengwa na watu waliodhani limetulia.

Mahali pa kulala

Sehemu za kupigia kambi mbugani ni za aina mbili. Kuna kambi za umma, ambazo mtu yeyote aliyelipa anaweza kuweka hema lake pamoja na wageni wengine, na kuna kambi maalumu ambazo kundi moja hukodi na kuwa peke yake. Aina ya pili hugharimu zaidi na haina huduma zozote. Wageni hujitegemea kwa kila kitu. Kwa sababu ya mabadiliko ya maji, orodha ya kambi zilizo wazi si ile ile kila mwaka, na ni busara kuulizia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) kabla ya kufunga mizigo.

Kambi inayosifiwa zaidi ni ile iliyo karibu na Maporomoko ya Makalia, kwenye ncha ya kusini ya mbuga, mbali na jiji na juu ya kiwango cha ziwa. Mto Makalia huanguka hapo kutoka kwenye mwamba, ukitoa sauti inayosikika usiku kucha msimu wa mvua. Mgeni anayefika Februari asishangae akikuta maji yakidondoka kidogo tu au mwamba mkavu, maana mto huo hutegemea mvua. Kuna uwanda wa nyasi, miti ya kivuli na vyoo vya kawaida. Anasa nyingine hakuna. Maji ya kunywa ni lazima mgeni aje nayo, na ni vyema kukadiria lita tano kwa kila mtu kwa siku, yakiwemo ya kupikia na kunawa.

Kambi haina ua. Jambo hilo husemwa kwa haraka langoni, na wengi hulielewa vizuri zaidi baada ya giza kuingia. Nyati huja kula nyasi kati ya mahema. Fisi hupita wakinusa masufuria. Simba, ambao katika mbuga hii wamezoea kupanda miti, hunguruma kwenye mabonde ya karibu, na sauti yao husafiri mbali hewa inapokuwa baridi. Ajali huepukwa kwa mambo machache yasiyo na mjadala: jioni ikishaingia kila mtu abaki karibu na moto au ndani ya hema; anayetaka kwenda msalani usiku amulike kwanza kwa tochi pande zote na asiende peke yake; chakula kisiwekwe kamwe ndani ya hema bali kifungiwe ndani ya gari; na zipu ya hema ifungwe hadi mwisho, hata kukiwa na joto. Kundi linaweza kuomba askari wa wanyamapori wa kulinda kambi usiku kwa malipo. Familia yenye watoto isilione hilo kuwa gharama ya bure.

Hata hivyo, wanyama wanaowaudhi wageni zaidi si simba. Ni nyani na tumbili, na hawangoji usiku. Nyani wa Makalia wanaijua zipu, wanaujua mkate, na wanajua tofauti kati ya mtu anayewatazama na mtu aliyegeuka kuosha sahani. Anayewarushia ndizi ili apige picha humwachia tatizo mgeni wa kesho, kwa kuwa nyani aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya, na mwishowe huuawa.

Usiku wa Nakuru una baridi ambayo watu wa Mombasa na Kisumu huidharau hadi saa tisa alfajiri. Kiwango cha joto kinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na umande huwa mzito. Blanketi moja halitoshi. Linahitajika godoro jembamba la kutenganisha mwili na ardhi, sweta na soksi nzito. Kuhusu kupika, jiko dogo la gesi ni bora kuliko kuni. Kuokota na kukata kuni ovyo huharibu makao ya wadudu na ndege, na moto ulioachwa bila kuzimwa umewahi kuteketeza nyasi katika mbuga nyingi za nchi hii msimu wa kiangazi.

Chupa za plastiki za maji zilizozoeleka safarini ziachwe nyumbani. Tangu Juni 5, 2020, vifaa vya plastiki vya kutumiwa mara moja, yakiwemo masahani, vikombe, vijiko na chupa za maji, vilipigwa marufuku katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku kote nchini tangu Agosti 2017. Mtungi mkubwa wa maji na vikombe vya bati hutatua tatizo lote hilo.

Wasiotaka hema wana njia nyingine. KWS ina nyumba ya wageni ya Naishi, upande wa kusini, ambapo wageni hujipikia, na Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya (WCK), vilivyoanzishwa mwaka wa 1968, vina hosteli ndani ya mbuga ambayo kwa miaka mingi imewahifadhi wanafunzi kwa bei nafuu. Pengine Wakenya wengi zaidi waliona kifaru mara ya kwanza wakiwa wamelala katika hosteli hiyo kuliko katika hoteli zote za kifahari za mbuga hii zikijumlishwa.

Kuingia na kuzunguka

Malango ni matatu: lango kuu lililo upande wa jiji, ambalo lilihamishiwa ardhi ya juu baada ya lile la zamani kufunikwa na maji, lango la Lanet upande wa kaskazini-mashariki, linalowafaa wanaotoka Nairobi bila kutaka kupita katikati ya jiji, na lango la Nderit upande wa kusini-mashariki, lililo karibu zaidi na sehemu za kusini. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuendesha gari ndani ya mbuga usiku hakuruhusiwi, kwa hivyo aliye na nafasi kambini Makalia asifike langoni saa kumi na moja na nusu akitarajia kuvuka mbuga nzima kabla ya giza.

Malipo hufanywa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa simu au kadi. Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Ada ya kuingia, ada ya kupiga kambi na ada ya gari hulipwa kila moja kando, jambo ambalo huwashangaza wageni wengi waliopiga hesabu ya ada moja tu. Raia hulipa kiasi cha chini mno kuliko mgeni wa nje, mradi awe na kitambulisho. Mapendekezo ya ada mpya za mbuga yalitolewa mwaka wa 2025, na kwa hivyo tarakimu zilizo kwenye vipeperushi vya zamani hazifai kutegemewa. Kiasi kinachoonekana kwenye mtandao siku ya kulipa ndicho halali.

Asiye na gari hazuiliki kwenda, ila agharimike kidogo. Matatu za kutoka Nairobi, Eldoret, Kericho na Nyahururu humfikisha jijini, na hapo hukodi teksi au gari la watalii. Watu wanne au watano wakichangiana, bei ya siku nzima huwa si kubwa kwa kila mmoja. Ni vyema kukubaliana mapema iwapo dereva atawaacha kambini na kurudi kesho yake, na awe ameelezwa saa kamili, maana kutoka Makalia hakuna anayeruhusiwa kutembea kwa miguu hadi langoni.

Ndani ya mbuga mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na abiria hawaruhusiwi kushuka ila katika sehemu zilizotengwa. Gari likae umbali wa angalau mita 20 kutoka kwa mnyama. Dereva akizima injini na kusubiri, huona mengi kuliko anayekimbia kutoka kona moja hadi nyingine akifuata uvumi wa chui. Saa mbili za kwanza za asubuhi ndizo bora. Kuanzia saa tano wanyama hujificha kivulini na mwanga huwa mkali kwa kamera.

Sehemu za miinuko ndizo zenye faida zaidi siku hizi. Kutoka Jabali la Nyani, upande wa magharibi, mtu huliona ziwa zima na kutambua mara moja ukubwa wa kilichotokea: mstari wa miti iliyokufa unaonyesha wazi ukingo wa zamani ulipokuwa. Barabara ya kufika huko imewahi kukatwa na maji sehemu fulani, hivyo askari waulizwe kwanza. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti ya mnyaa-mkuu inayofanana na vinara vya mishumaa, mojawapo ya misitu mikubwa ya aina hiyo. Kwenye migunga iliyo hai, chini ya miinuko, ndipo chui hulala juu ya matawi mchana, na mbega weusi wenye mikia myeupe hurukaruka juu.

Vifaru huonekana kwa urahisi zaidi uwandani kusini. Majina ya vifaru weusi na weupe huwapotosha wengi, kwa kuwa rangi zao hazitofautiani. Wote ni wa kijivu, au wa rangi ya tope waliyogaagaa asubuhi hiyo. Tofauti iko mdomoni. Kifaru mweupe, ambaye ukoo wake nchini ulitoka Afrika Kusini, ana mdomo mpana wa kufyeka nyasi, huinamisha kichwa na hutembea kwa makundi. Kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kunyakua majani ya vichaka, huinua kichwa na hupenda upweke. Ndovu hawamo, na anayewatafuta amekosea mbuga. Eneo ni dogo na miti yake isingedumu.

Ndege hawahitaji kutafutwa. Zaidi ya aina 400 zimerekodiwa hapa. Mwari huvua kwa makundi yaliyojipanga kama nusu duara, kwazi hulia juu ya miti mikavu, na katika miezi ya Novemba hadi Machi huongezeka wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kuogelea ziwani ni marufuku, na viboko waliomo ni sababu tosha.

Msimu mzuri wa kupiga kambi ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kisha Juni hadi Septemba. Mvua ndefu za Aprili na Mei hugeuza baadhi ya barabara kuwa tope linaloyashinda hata magari makubwa. Sikukuu za Desemba zina tatizo tofauti: msongamano wa magari kati ya Naivasha na Nakuru unaweza kummalizia mtu nusu ya siku aliyoilipia.

Aliyekuja kwa ajili ya heroe peke yake anaweza kukunja hema asubuhi na kuendelea. Ziwa Elementaita liko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kurudi upande wa Nairobi, na Bogoria, lenye chemchemi za maji ya moto yanayotokota kandoni, liko kaskazini katika Kaunti ya Baringo. Ndege hao huhama kati ya maziwa haya kulingana na hali ya maji na chakula, wakati mwingine kwa usiku mmoja. Bogoria nalo lilifura, na lango lake la Loboi likafunikwa na maji, lakini magadi yake yalibaki makali kuliko ya Nakuru. Madereva wa watalii wa jijini Nakuru hupigiana simu kila asubuhi kuulizana ndege wako wapi, na wao ndio wa kuulizwa kabla ya kuamua njia ya kushika.